Nyumba ya Vitabu Haiombi

Kila aliyewahi kusoma katika maktaba yetu, ile iliyo ukingoni mwa Mutanga Sud, akitaka kukueleza Mkutubi alikuwa mtu wa namna gani ataanza na koti. Lilikuwa koti la kijivu, la suti ambayo suruali yake hatukuwahi kuiona, na alilivaa kiangazi na masika. Joto la Bujumbura, hili linalotufanya sisi wengine tutembee na leso mkononi, yeye alilipokea akiwa amefunga vifungo vyote. Watu walidhani ni maringo ya wazee wa Buyenzi, Waislamu wa mjini wanaojijua kuwa ni wa mjini. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka siku moja alipoinua mkono kutoa kitabu rafu ya juu, na chini ya koti nikaona shati limechanika kutoka kwapani hadi kiunoni. Aliona kwamba nimeona. Akashusha mkono polepole, akaniambia kitabu hicho hakipo.

Kitabu kilikuwepo, nilikiona kwa macho yangu. Lakini ndivyo alivyokuwa, na ukielewa habari ya shati na kitabu umeshamwelewa nusu.

Simwandiki hapa ili nimsifu, ingawa sifa anazo. Namwandika kwa sababu kila asubuhi nikifungua mlango wa maktaba ile, maana siku hizi ufunguo uko kwangu, naona haya, na haya zenyewe sijui nizipeleke wapi. Nilifanya jambo ambalo kila mtu anasema lilikuwa sawa, na uso bado unanishuka.

Mlangoni kulikuwa na beseni la bluu, dumu la maji tunaloliita bido, na kipande cha sabuni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza: hakuna kuingia bila kunawa mikono na miguu. Miguu! Wanafunzi wa chuo kikuu, waliokuja kutoka pale jirani na soksi zao nyeupe, walinung'unika wakauliza kama wamekuja kusoma au kuswali. Yeye hakuinua sauti.

"Kitabu hakipendi vumbi, mwana wangu. Vua."

Naye mwenyewe alivua viatu akanawa mbele yao, bila haraka, akipitisha maji katikati ya vidole. Mtu mwenye koti na tai akikunja suruali mbele yako, huna budi nawe ukunje.

Mimi nilikuwa natoka Buterere. Anayeijua Buterere hahitaji kuelezwa: mashamba ya mpunga, nyumba za matofali mabichi, na mvua ikinyesha maji hayaulizi mlango uko wapi. Wazazi wangu walivuka kutoka Kongo wakapanga pale kwa sababu ndipo walipopaweza. Siku ya kwanza nilipofika maktaba nilikuwa nimevaa sketi ya sare ya shule, tope limenipanda hadi magotini, na pale kizingitini walikuwa wamesimama wasichana wa Mutanga walioletwa kwa gari. Walinitazama. Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Mkutubi akanitazama miguu, mara moja tu, akaingia ndani, akatoka na beseni.

"Kuanzia leo," akatangaza, "kila mutu ananawa. Mikono na miguu. Hii ni maktaba, si soko."

Akaanza na wale wasichana. Kisha akanawa yeye. Mimi nilikuwa wa mwisho, na hakuna aliyejali miguu yangu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anashughulika na yake. Ilinichukua miaka kutambua kwamba sheria hiyo ilizaliwa kwa ajili ya miguu yangu.

Alikuwa na neno moja ambalo sisi wasomaji wake hatutalisahau: inventeri. Mvua kubwa ikinyesha, kesho yake ungekuta mlango umefungwa na yeye amesimama nje kwenye ngazi, mikono nyuma.

"Samahani, tuko mu inventeri. Tunahesabu vitabu. Mukuje kesho."

Ndani tulisikia matone yakianguka kwenye sufuria, moja lenye sauti nene, jingine lenye sauti nyembamba. Masika moja vitabu vilihesabiwa mara nyingi hivi kwamba mwanafunzi mmoja wa udaktari akasema basi maktaba yetu lazima iwe kubwa kuliko zote Afrika. Tulicheka, na Mkutubi naye akacheka, mkono mdomoni. Alikuwa mtu wa kucheka, nisisahau kulisema. Watu wakimkumbuka leo wanamfanya kama nguzo ya msikiti, na si kweli.

Alitukataza kupiga kelele, hata kugeuza kurasa kwa nguvu. Lakini siku ya mpira alijifungia chumba cha nyuma na redio yake ndogo sikioni, na ghafla tungesikia mlio ambao haukuwa wa mtu mzima. Baada ya muda alitoka, tai imenyooka, akatuuliza kwa ukali:

"Nani anapiga makelele hapa?"

"Ni jirani, Muzee."

"Jirani huyu hana adabu," angesema, akarudi kwenye redio.

Tulimfichia. Hilo lilitujia bila kufundishwa: ukikaa na mtu anayeficha, nawe mikono yako inaanza kufunika.

Alizidharau hadithi za mapenzi, akaziita vitabu vya kulia, na kumbe ndizo zilizokuwa na duara la kikombe chake cha chai kwenye jalada. Aliwaazima wazee miwani yake, moja hiyo hiyo, ikazunguka meza nzima huku yeye akiandika kwa kukisia. Lakini kukuazima kitabu ukaondoka nacho nyumbani, hapana, hata ungepiga magoti. "Kitabu kikitoka kinarudi na tabia mbaya," alisema. Kwa hiyo sisi wa mbali, tuliotakiwa kufika nyumbani kabla ya giza, tulisoma hadithi nusu na kuzimalizia wenyewe njiani.

Na vitabu vyenyewe, tuseme ukweli, vilikuwa vya kusikitisha. Vitabu vya shule vya Kifaransa ambavyo shule zenyewe zilikuwa zimeshavitupa, hotuba, miongozo ya kufuga nyuki. Cha Kirundi ungekitafuta. Cha Kiswahili ungekiota. Fahari ya nyumba ilikuwa ensaiklopidia ya kijani iliyojaza rafu nzima nyuma ya meza yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nilimbembeleza kwa muda mrefu anipe juzuu yenye herufi M.

"M iko kwa mutu," akasema.

"Basi N, Muzee."

"N naye iko kwa mutu."

Siku alipotoka kuswali, niliivuta ile M. Ilikuwa kipande cha ubao, kimevishwa karatasi ya kijani na kuandikwa kwa mkono mzuri sana. Nikakirudisha mahali pake, nikakipanga sawasawa na wenzake, na sikumwambia mtu.

Halafu kulikuwa na choo. Kilikuwa nyuma ya jengo, na kilikuwa kimebomoka siku nyingi, ukuta umelala. Mlango wa kuelekea huko aliufunga kwa kufuli. Ukimwuliza, alijipapasa mifuko yote ya koti kwa dhati, kisha akasema kwa masikitiko: "Ufunguo uko na shef." Shef, yaani mkubwa wa kazi, hakuwepo. Shef alikuwa yeye. Wakati mmoja alikuja mama mgeni, mtu wa heshima zake, akaomba choo. Mkutubi akatoa jibu lile lile, lakini hakuishia hapo: alimchukua hadi kwa jirani wa nyumba ya tatu, akabisha hodi, akamtambulisha, akasimama nje amegeuka upande wa barabara mpaka mama akamaliza, akamrudisha. Njia nzima alimsimulia historia ya miti ya mtaa ule. Yule mama aliondoka akisema hajawahi kupokelewa vizuri namna ile, na sidhani kama alijua kwamba maktaba haikuwa na choo.

"Nyumba ya vitabu haiombi," alikuwa akituambia. "Inaombwa."

Ni maneno mazuri, na mimi niliyapenda. Lakini wakati anayasema kulikuwa na sufuria chini ya tundu, na mende katika rafu ya dini.

Alikuwa na rafiki mmoja, fundi magari wa Buyenzi, waliyekua pamoja. Kila Ijumaa baada ya sala fundi alipita na nguo zake za gereji, akanawa hadi viwiko, akakaa kusoma magazeti ya zamani kana kwamba ni ya leo. Huyu hakuwa na subira na mapazia ya watu. Siku moja, sisi tukiwa mezani tunajifanya hatusikii, alimwambia:

"We, mi niko na mabati pale gereji. Yalibaki, ni mazuri. Jumamosi napanda, mbele ya saa sita namaliza. Sitaki kitu."

"Utapanda juu ya nyumba, Mutanga yote ikikuangalia?"

"Sasa nipande wapi, chini?"

"Watasema maktaba inavuja."

"Si inavuja!"

"Inavuja ndani," akasema Mkutubi. "Inje haivuji."

Fundi akakunja gazeti. Mkutubi akamimina chai, akamsogezea kikombe, akasema kwa upole kama anayefunga mjadala:

"Aibu ya maiti anaijua mwosha."

"Wallahi, rafiki yangu, maiti ndiyo inaoshwa. Hii nyumba ingali na roho, na we deja umeshaanza kuiosha!"

Mabati yalibaki gereji. Baadaye yalifunika banda la kuku, na fundi hakukosa kutuambia kwamba kuku wake wanalala pakavu kuliko wanafunzi wa chuo kikuu.

Nasi wasomaji tulijaribu. Nilikuwa namaliza shule wakati huo, na nilikuwa na mdomo. Tulimwambia: Muzee, ruhusu watu waende na vitabu, waache kadi zao za shule kama rehani. Tuzunguke nyumba za Mutanga Nord na Sud tuombe vitabu ambavyo watoto wao wamevimaliza. Tujaze kreti moja ya vitabu vya watoto, tuipeleke Buterere kwa baiskeli mara moja kwa wiki. Jumamosi, watu wakishamaliza kazi za jamii na majembe bado mkononi, waje huku nyuma waondoe kile kifusi cha choo. Alitusikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Ni mawazo mazuri sana," akasema.

Tulikuwa tumeshamjua. Hiyo ndiyo ilikuwa hapana yake.

Kisha ikaja habari kwamba kuna ujumbe utapita kukagua majengo ya umma. Yatakayoonekana yana shida yatatengenezwa. Yasiyoshughulikiwa yatakaa hivyo hivyo mpaka yafungwe na kugeuzwa mabohari. Kwetu sisi habari hiyo ilimaanisha paa. Kwa Mkutubi ilimaanisha wageni.

Sijawahi kumwona na nguvu kama za wiki ile. Aliazima pazia jekundu la kupambia harusi kutoka kwa jamaa zake wa Buyenzi, akalitundika kwenye ukuta wote wa nyuma, pale maji yalipokuwa yakishuka. Nyuma yake akasukuma rafu zilizooza, sufuria, na vitabu vilivyovimba. Vile vizima akavipanga mbele, akavigeuza majalada yatazame watu ili yajaze nafasi. Bado havikutosha. Basi yeye asiyeomba akatuomba: kila mmoja alete vitabu vya nyumbani kwa siku moja. Tulileta vya shule, vya sala, mama mmoja akaleta cha mapishi. Tulipamba nyumba ile kama bibi harusi, tukaimba, tukacheka, na nilifurahi kuliko mtu yeyote. Hilo nalo nikilikumbuka naona haya.

Kiongozi wa ujumbe alikuwa mama mwenye miwani mikubwa na sauti iliyochoka. Mkutubi aliwanawisha wote, mikono na miguu, wakacheka wakanawa. Akawatembeza. Ilikuwa kiangazi, jua kali, na paa halikuwa na la kusema.

"Bravo, Papa," akasema yule mama. "Ni pasafi sana. Sasa niambie, munakosa nini hapa?"

"Apana kitu, Madamu. Alhamdulillah."

"Hata paa? Nilisikia habari ya paa."

"Paa iko nzima."

"Na choo?"

"Choo iko. Ufunguo tu ndiyo uko na shef."

Mama akageuka, akatutazama sisi tuliokaa mezani. Tukainamia vitabu vya kuazima. Fundi alikuwa mlangoni, kofia mkononi, anatazama dari.

"Basi ni vizuri," mama akasema, akafunga faili lake. "Tuko na majengo mengi yenye shida. Tutaanza na yale."

Na wakaanza kuelekea mlangoni, na Mkutubi anawasindikiza, uso unang'aa kwa furaha. Nilimtazama ule uso. Kisha nikaona masika yanayokuja, na yatakayofuata, na sufuria, na mlango uliofungwa, na mimi nikirudi Buterere bila kusoma kwa sababu tuko katika inventeri. Nikasimama. Sikupanga. Nilikwenda hadi ukutani, nikashika pazia kwa mikono miwili, nikavuta.

Lilianguka na fimbo yake. Ukuta ulikuwa mweusi kutoka dari hadi sakafu. Harufu ikatoka, ile ya nguo zilizosahauliwa majini, na rafu moja ambayo pazia ndilo lililokuwa likiishikilia ikalala mbele, ikaiangukia ile ya ensaiklopidia, nayo ikamwagika, mbao zikagonga sakafu moja baada ya nyingine. Nilisema kila kitu, kwa sauti, nikinyoosha kidole: paa, choo, vitabu si vyetu tumeazima, hizi ni mbao. Na nilikuwa sahihi.

Mkutubi hakutazama ukuta. Hakumtazama yule mama, wala hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu. Nilijua anaona nini, akajua kwamba najua, na nilitamani ardhi ipasuke.

"Samahani, Madamu," akasema. "Tulikuwa mu inventeri."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mabati yalikuja. Hayakuja haraka, lakini yalikuja, na mafundi, na rangi. Jumatatu iliyofuata siku ya pazia Mkutubi hakuonekana. Binti yake alikuja na ufunguo umefungwa katika leso nyeupe iliyopigwa pasi, akatukabidhi, akasalimia kila mtu, akaenda. Mtaani watu walinipongeza. Mficha uchi hazai, nilijiambia, na ni kweli, angeuficha mpaka nyumba ituangukie. Lakini methali haisemi ni nani amvue nguo mwenzake mbele za watu, hasa mwenzake aliyewahi kumsitiri yeye. Fundi ndiye aliyeniambia wazi. Nilimkuta gereji, nikamuuliza kama nimekosea.

"We ulifanya vizuri," akasema, bila kutoka chini ya gari. "Lakini mi sitaki kuwa we."

Nilikutana na Mkutubi mara kadhaa Buyenzi. Sikuwa na la kumlaumu. "Amahoro, mwana wangu," alinisalimu, akaniuliza wazazi, akaniuliza masomo, kisha akavuka barabara. Angenitukana ningepumua.

Siku hizi nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na maktaba, na mdogo wangu akikishika asubuhi, mimi nafungua maktaba. Hatulipwi, tuko wasomaji wachache tuliojitolea. Yale mawazo mazuri sana tumeyafanya moja moja. Vitabu vinatoka, na kweli vingine vinarudi na tabia mbaya, lakini vinarudi. Kreti inakwenda Buterere kwa baiskeli. Pale pazia lilipokuwa kuna rafu ya Kiswahili na Kirundi, ya vitabu tulivyopewa mlango kwa mlango. Umeme ukikatika tunasogeza meza dirishani. Na choo tulikijenga upya kwa michango ya mtaa, tukakizindua kwa soda na hotuba, mimi ndiye niliyetoa hotuba ndefu. Nilisema nyumba hii haitaficha tena kitu.

Beseni la bluu tumeliacha mlangoni. Wageni wanadhani ni mambo ya afya.

Alikuja mwishoni mwa mvua zilizopita, asubuhi. Nilisikia fimbo kwenye ngazi kabla sijamwona. Koti lilikuwa lile lile, sasa linamning'inia, na binti yake alikuwa amebaki ng'ambo ya barabara, nadhani aliambiwa abaki. Alisimama mbele ya beseni kwa muda. Kisha akavua viatu, akajaribu kuinama, asiweze. Nikapiga magoti, nikachota maji kwenye bido, nikamwagia. Miguu ilikuwa imevimba, na kucha zilikuwa za mtu asiyezifikia tena. Hakutaka niitazame, nami sikuitazama, nilitazama sabuni.

Akaingia. Aliangalia dari kwanza, kona zote nne. Akakaa kwenye meza ya dirishani, kati ya wanafunzi wasiomjua.

"Zile za kulia ziko wapi?" akaninong'oneza.

Nikamletea moja, yenye duara la kikombe. Akaipapasa, akasoma kidogo, au alijifanya kusoma. Mimi nilirudi mezani kwangu, nikipanga maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga miaka yote. Kabla sijayapata, alikuwa amesimama mbele yangu, ameegemea fimbo.

"Mwana wangu, choo iko wapi?"

Sasa ni lazima niseme hali ya choo chetu. Maji ya bomba yalikuwa yameacha kufika upande ule, bomba likapasuka, shimo likajaa, na harufu ikaanza kutoka. Nilikuwa nimefunga mlango kwa kufuli. Sikumwambia mtu wa kamati, sikumwambia mtu wa mtaa aliyechanga. Nilisema nitatafuta namna kwanza. Watu wangesemaje, baada ya hotuba ile?

"Muzee," nikasema, na nilijiona najipapasa mifuko, "ufunguo..."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, wala hakutabasamu.

"Uko na shef," akasema.

Niliinamisha kichwa. Masikio yaliniwaka, na nilibaki nikitazama mikono yangu ikiwa bado mifukoni.

Akanishika kiwiko. "Twende. Jirani anaikalaga bado?"

Jirani wa nyumba ya tatu bado alikuwa akiishi pale. Tulikwenda polepole, yeye na fimbo, mimi na haya zangu. Nikabisha hodi, nikamtambulisha, nikasimama nje nimegeukia barabara. Alipotoka nikajikaza.

"Muzee, ile siku ya pazia..."

"Paa inavuja?"

"Apana, Muzee. Haivuji."

"Basi."

Tukatembea. Alisimama kupumua karibu na mti mmoja, akautazama kana kwamba atanisimulia historia yake, lakini hakusimulia. Binti yake alikuwa anavuka barabara kuja kumchukua.

"Lakini we," akasema, "usingoje mutoto wa mutu akuvutie pazia."

Akampa binti yake mkono, wakaenda. Hakuvuka barabara peke yake, kwa hiyo sijui kama safari hii angenikwepa.

Nilirudi maktaba. Wanafunzi walikuwa wameinamia vitabu vyao, meza zote zimejaa. Nilisimama katikati, uso unaniwaka, nikasema kwa sauti ambayo Mkutubi asingeiruhusu humu ndani:

"Choo kimeharibika. Kimeziba. Ufunguo ninao mimi, ninao siku zote."

Msichana mmoja wa meza ya nyuma, mwenye tope lililokauka kwenye pindo la sketi, aligeuza ukurasa.

"Tunajua, Mama," akasema. "Tunaendaga kwa jirani."